Mkasi wa Czukay

Tago Mago, albamu ya bendi ya Can ya Ujerumani, ilitoka mwaka 1971. Waliirekodi katika kasri karibu na Cologne, wakipiga kwa saa nyingi bila wimbo ulioandikwa: mpiga dramu wa jazi, mpiga gitaa wa roki, wanafunzi wawili wa Stockhausen, na mwimbaji waliyemkuta akiimba mtaani Munich. Holger Czukay ndiye aliyekata tepu na kuziunga. Alirekodi hata wenzake walipodhani wamepumzika.

Huisikiliza nikihariri mahojiano ya marehemu bibi kwa ajili ya tasnifu yangu. Msimamizi anataka majibu tu. Lakini kati ya maswali bibi anafukuza kuku, anakohoa, ananiuliza kama nimekula. Majibu yataingia sura ya 4. Kikohozi sikikati.