Kilio Kisicho na Kaburi

Desemba 2014, meli Mutambala ilizama usiku katika Ziwa Tanganyika, kwenye mwambao wa jimbo la Kongo lililoitwa Katanga wakati ule. Zaidi ya watu 120 walikufa, wakiwemo wanawake na watoto. Wakuu wa serikali walisema meli ilijaza watu na mizigo kupita kiasi, na upepo ulikuwa mkali.

Ziwa hili lina kina cha karibu meta 1,470. Duniani ni Baikal peke yake linalolizidi. Likimchukua mtu mbali na ufuko, mara nyingi halimrudishi. Ndiyo maana hapa Kalemie, mji wetu wa kando ya ziwa, tunavijua vilio visivyo na jeneza. Turubai limefungwa uani, wamama wameketi mikekani, moto unawaka hadi alfajiri. Pale ambapo marehemu angelazwa pana picha tu, juu ya kiti kilichotandikwa kitenge. Mlango ukigongwa, mjane anainua kichwa. Asiyezika hapati hata siku ya kusema: basi, nimemsindikiza.

Mfiwa wa namna hiyo anaye mwenzake katika Maandiko. Yakobo aliletewa kanzu yenye damu, mwili wa mwanawe hakuuona, naye akakataa kufarijiwa. Katika Kurani, Yakub alihuzunika hadi macho yakawa meupe, na malalamiko yake akayapeleka kwa Mungu. Wakristo na Waislamu wote humheshimu mzee huyo. Hakuna anayesema alikosa imani. Nalikumbuka hilo kila ninaposikia mfiwa akikemewa, "Usilie sana, utamkufuru Mungu." Machozi si kufuru. Anayemlalamikia Mungu bado anazungumza naye.

Lipo neno jingine tunalolitoa upesi: "Ni mapenzi ya Mungu." Mfiwa akilisema mwenyewe, linaweza kumtuliza. Lakini meli iliyopakiwa kupita uwezo wake ilipakiwa na watu. Tukimtwisha Mungu uzembe wetu, tunamnyang'anya mjane Yule pekee ambaye angemkimbilia.

Marafiki wa Ayubu waliketi naye chini siku saba, usiku na mchana, bila kusema neno. Hapo walikuwa wafariji kweli. Walipoanza kumweleza sababu za mateso yake, wakamwongezea mateso. Wamama wa Kalemie wanalijua hilo bila kuhubiriwa. Mmoja anafika na ndoo ya maji kichwani, mwingine na unga wa bukari, mwingine na dagaa wa ndakala. Wanapika, wanawaogesha watoto wa nyumba ile, wanalala palepale. Usiku wa manane mmoja anaanzisha wimbo kwa sauti ya chini, wengine wanaitikia. Mfiwa hana nguvu ya kuimba wala kusali. Siku hizo wenzake ndio wanaomwaminia, mpaka aweze tena mwenyewe.

Mji huu umefunzwa na misiba yake. Tetemeko la ardhi la tarehe 5 Desemba 2005 lilibomoa nyumba zetu. Mwaka 2016 na 2017, mapigano kati ya Watwa na Waluba yaliwaleta maelfu ya wakimbizi kwenye kambi za pembeni mwa mji. Aliyelia jana ndiye anayejua jinsi ya kukaa na anayelia leo.

Kazi ngumu huanza turubai likishafunguliwa, watu wakarudi kwenye shughuli zao. Ndugu msomaji, kama unaye jirani ambaye ziwa lilimchukulia mtu wake, usingoje upate maneno ya hekima. Nenda wiki hii, urudi na mwezi ujao. Mtaje marehemu kwa jina lake. Mkristo amwombee misa au sala. Mwislamu wa madhehebu ya Shafii anayo sala ya ghaibu kwa maiti asiyekuwepo. Na siku utakapoteremka bandarini kusafiri, kataa meli iliyojaa, dai koti la kuokolea, kwako na kwa watoto. Kuwalinda walio hai nako ni ibada.