Baiskeli katika Bonde la Kerio

Kila bonde lina milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa macho: mtu husimama ukingoni, akatazama chini, akastaajabu, kisha akaenda zake. Mlango wa pili ni wa miguu: mtu huteremka mpaka chini, naye hana budi kupanda tena. Wengi wapitao Iten hutosheka na mlango wa kwanza. Mimi nami nilitosheka nao, mpaka baiskeli kuukuu iliponifungulia wa pili. Nataka kukueleza habari za njia za bonde hilo, na jambo nililojifunza humo, ambalo sikufundishwa darasani ingawa nilikuwa nasomea kufundisha.

Kwanza nikuoneshe mahali penyewe. Upande wa magharibi wa Bonde la Kerio umesimama ukuta wa Elgeyo. Upande wa mashariki viko vilima vya Tugen. Na katikati wapita mto Kerio, uendao kaskazini mpaka Ziwa Turkana. Mji wa Iten umeketi juu ya ukuta, karibu mita 2400 kutoka usawa wa bahari, na sakafu ya bonde iko chini yake kwa zaidi ya mita 1000. Hewa huongezeka joto kwa kadiri ya nyuzi 6 kwa kila mita 1000 za kushuka. Kwa hiyo mtu aweza kuondoka Iten asubuhi amevaa sweta, akafika Biretwo akitafuta kivuli. Juu kuna mahindi, viazi na mikaratusi; chini kuna migunga, miembe, mbuzi, na mizinga ya nyuki iliyotundikwa mitini. Ni kama nchi mbili zilizounganishwa kwa barabara moja.

Mwaka 2011 nilikuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu kilicho kwenye ukuta huo. Kwetu ni Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda. Pengine wajua kuwa jina la bodaboda lilizaliwa huko kwetu. Tangu miaka ya 1960 waendesha baiskeli walivusha watu na mizigo kati ya vituo vya mpakani, wakinadi "boda, boda", yaani kutoka mpaka hadi mpaka. Leo jina hilo limehamia pikipiki na kuenea Afrika Mashariki nzima. Baba yangu aliingia katika kazi hiyo kabla sijazaliwa. Baiskeli yake ilikuwa Black Mamba, nyeusi, nzito, isiyo na gia, yenye kiti cha sponji juu ya keria. Kiti hicho ndicho kilichonilisha, kikanivisha, kikanisomesha.

Lakini nilikuwa kijana, na ujana una aibu zake. Wenzangu chuoni walipoulizana juu ya kazi za wazazi wao, mimi nilijibu kuwa baba yumo katika biashara ya uchukuzi. Uongo haukuwamo katika maneno hayo. Ulikuwamo katika nia.

Pikipiki zilipojaa Busia, abiria waliiacha baiskeli. Baba akaona heri chombo chake kije kunifaa mimi. Jumamosi moja alifika bila kutoa habari. Alikuwa amesafiri kwa basi na matatu hadi Iten, baiskeli ikiwa juu ya paa, kisha akateremka nayo mwenyewe mpaka lango la chuo. Alikuja ametota jasho, mguu mmoja wa suruali umefungwa kwa kamba ili usiliwe na mnyororo. Nilikuwa nimesimama na wenzangu wanne. Mmoja akaniuliza, "Mzee huyu ni nani?" Nikajibu, "Ni mtu aliyetumwa na baba."

Alikuwa karibu kiasi cha kusikia. Najua kuwa alisikia, kwa maana uso wake uliokuwa ukicheka ulitulia. Hakutamka neno la lawama. Alinikabidhi usukani, akanivuta kando, akasema, "Barabara hii si kama ya kwetu. Breki usizikabe mfululizo. Kaba, achia, kaba, achia. Ukisikia harufu ya raba, simama baiskeli ipoe." Kisha akaomba maji, akanywa, akapanda matatu kurudi Iten. Hata lango sikumvusha.

Majuma mawili baadaye nilikwenda Iten na baiskeli ile ili niushuke ukuta wote. Barabara ya lami huondoka ukingoni, ikapita juu ya Kessup, ikafika Tambach, mahali palipokuwa makao ya utawala wa wilaya zama za ukoloni, kisha ikajikunja miambani mpaka Biretwo. Bonde mara liko mbele yako, mara limefichwa na mwamba, mara latokea tena, pana kuliko ulivyoliacha. Naam, ni njia nzuri sana, na uzuri wake ndio hatari yake, kwa sababu macho hutaka kwenda bondeni ilhali gurudumu lataka kuangaliwa.

Niliogopa kasi, basi nikazikaba breki tangu kona ya kwanza nisiziachie. Chini ya Tambach nikasikia harufu ya raba. Nikaikumbuka sauti ya baba. Na kwa kuwa nilikuwa nimemkana mwenye sauti, nikaona haya kuitii. Kona mbili mbele, gurudumu la mbele lilipasuka kwa kishindo. Nilitupwa kando ya barabara, nikaburuzika juu ya changarawe, goti likachanika. Lau ningeanguka upande wa pili, usingekuwa unasoma insha hii.

Wewe usomaye fizikia waweza kulihesabu jambo lililonipata. Mtu na baiskeli yake wenye uzito wa kilo 90 wakishuka mita 1000, nishati inayopotea ni jouli 880,000 hivi. Nishati hiyo yatosha kuchemsha lita mbili na nusu za maji. Sehemu yake huchukuliwa na upepo, na iliyobaki hugeuka joto mahali raba inaposugua rimu. Ukikaba mfululizo, chuma hakipati nafasi ya kupoa. Hewa iliyo ndani ya tyubu hutanuka, mpira hulainika, na mwisho hupasuka. Ukikaba kwa nguvu kabla ya kona kisha ukaachia, upepo hupoza rimu kabla ya kona ifuatayo. Baba hakusoma fizikia, lakini maneno yake yalikuwa hesabu hiyo hiyo kwa lugha fupi: kaba, achia.

Mama mmoja mzee aliyekuwa akichunga mbuzi alinijia. "Chamge," akanisalimu kwa lugha ya kwao, nami nikaitikia kwa machache niliyojifunza. Akanimiminia maji gotini kutoka katika dumu lake, kisha akaiinua baiskeli na kuitazama kwa makini kuliko alivyonitazama mimi. Akaniuliza kwa Kiswahili, "Ni ya nani, mwanangu?"

Nikasema, "Ni ya baba yangu."

"Basi mrudishie ikiwa nzima," akasema, akaenda kwa mbuzi wake.

Biretwo fundi alinizibia tyubu, nikaanza kupanda. Msomaji, kupanda ndiko kuliko na mafunzo. Mteremko ulinichukua dakika chache. Mpando ulinichukua saa nyingi, nusu nikikanyaga pedali, nusu nikisukuma. Jua lilikuwa kali, goti liliuma, na kila kona niliyodhani kuwa ya mwisho ilizaa nyingine. Ili nijisahaulishe uchovu nikaanza kupiga hesabu. Karo yangu ya muhula mmoja katika sekondari ilikuwa shilingi 9,000. Nauli ya abiria mmoja wa baba ilikuwa shilingi 20. Kwa hiyo muhula mmoja wangu ulikuwa abiria 450, kabla ya kununua unga, kabla ya sabuni, kabla ya daftari. Nami nilikuwa nikipanda bila abiria hata mmoja, nikachoka kwenye kona ya tatu. Hapo nilikaa juu ya jiwe nikalia, wala si kwa ajili ya goti.

Tangu siku hiyo sikuificha baiskeli tena. Katika muda uliobaki chuoni nilizoea kutoka nayo kila Jumamosi, na njia nilizozipita nakusimulia sasa, ili nawe siku moja uzipite.

Njia ya kwanza ni hiyo niliyokwisha kuitaja. Ukiwa na nguvu, usikome Biretwo. Endelea mashariki mpaka daraja la Cheploch. Hapo mto Kerio umebanwa katika korongo jembamba la mawe, na vijana wa hapo hujirusha majini kutoka juu ya miamba mbele ya watazamaji. Watazame, uwape ahsante yao, wala usiwaige, maana wao wamelijua jabali hilo tangu utoto. Ng'ambo ya daraja barabara huanza kupanda vilima vya Tugen mpaka Kabarnet, ulio mji mkuu wa Kaunti ya Baringo. Aliyeshuka Iten na kupanda Kabarnet siku moja ameliona bonde zima, kuta zake mbili na mto wake.

Njia ya pili ni ya vichochoro vya Kessup. Kessup ni tambarare nyembamba, mfano wa rafu iliyobandikwa ukutani kati ya kilele na sakafu ya bonde. Hakuna lami humo. Kuna vijia vya mifugo na vya watoto waendao shule, vipitavyo kati ya mashamba na miamba. Katika vijia hivyo baiskeli hubebwa mara kwa mara na mwenyewe badala ya kumbeba. Usikimbie. Njia ni ya wenyeji kwanza, na kengele yako si amri bali ni ombi.

Njia ya tatu hufuata chini ya ukuta kuelekea kaskazini, upande wa Arror na Tot, katika nchi ya Wamarakwet. Huko utaona mifereji iliyochimbwa karne nyingi zilizopita, iletayo maji kutoka mito ya ukutani mpaka mashamba ya bondeni, na ambayo koo husaidiana kuitengeneza mpaka leo. Lakini nakuusia: usiende huko bila kuuliza. Sehemu za upande huo zimeumia kwa uvamizi wa wezi wa mifugo, hata mwaka 2023 serikali ikapeleka wanajeshi katika kaunti za eneo hilo. Vilevile uliza habari za ndovu kabla ya kukaribia Hifadhi ya Rimoi, iliyo kwenye sakafu ya bonde. Kuuliza si woga. Mgeni asiyeuliza huwatia wenyeji kazi ya kumtafuta.

Likizo ilipofika nilikwenda Busia. Nilimkuta baba chini ya mwembe akitengeneza jembe. Nilikuwa nimetunga maneno mengi njiani, yote yakanipotea. Nikasema tu, "Baba, siku ile langoni nilikukana. Nisamehe."

Hakuinua macho upesi. Alimaliza kugongomea mpini, akaujaribu kwa mkono, ndipo akasema, "Ulisema nimetumwa na baba yako. Ni kweli. Yeye ndiye aliyenituma." Kisha akaniuliza, "Raba za breki umebadilisha?"

Nikamjibu kuwa nimebadilisha. Jambo hilo hatukulizungumza tena.

Siku hizi Iten ina waendesha baiskeli wa namna nyingine pia, wenye magurudumu mepesi na gia nyingi, wanaofanya mazoezi kwa ajili ya mashindano ya mataifa. Mmoja wa waliolifungua jicho la vijana wetu ni Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani, aliyefariki Agosti 2022 baada ya kuanguka mashindanoni Vermont, Marekani. Namtaja kwa heshima, na ili ukumbuke kuwa kasi haimjui bingwa wala mwanagenzi. Vaa kofia ngumu, pima breki zako kabla ya kuondoka, beba maji na kiraka cha tyubu, na usiteremke mahali ambapo huna nguvu wala nauli ya kupanda.

Mimi sasa ni mwalimu. Black Mamba ile imeegemea ukuta wa nyumba yangu, rangi imebambuka, lakini rimu ni zile zile. Wanafunzi wangu huiazima siku za Jumamosi. Kabla sijawapa huwafundisha somo moja: kaba, achia. Na wakiniuliza baiskeli ni ya nani, huwaambia kuwa ni ya baba yangu, aliyekuwa bodaboda wa Busia.