Pini au Skrubu

Kisu cha kukunja kina viungo vichache: bapa, mpini, springi ya mgongoni, na kitu cha kuvishika vyote pamoja. Hicho cha mwisho ndicho wanachobishania mafundi, kiwe pini au kiwe skrubu.

Marehemu baba aliniachia Okapi ya mpini wa mbao, aliyoitumia miaka yake yote ya mkonge. Visu hivyo vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa soko la makoloni yake ya Afrika, nasi tukiwamo. Miaka ya 1980 utengenezaji ukahamia Afrika Kusini. Bapa lilikuwa limeanza kucheza. Fundi mmoja wa Ngamiani, katika mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba, alikigeuza mkononi akauliza: "Dokta, niigonge pini hii hii, au nitoboe tutie skrubu?"

Swali lake lina uzito kuliko linavyosikika. Pini hupenya tundu, kisha vichwa vyake hugongwa hadi vipanuke na kulala sawa na mpini. Haijifungui yenyewe. Ikilegea, nyundo ndogo na kipande cha chuma cha kuegemeza vinatosha. Lakini ukitaka kulitoa bapa, sharti uiharibu pini, na pengine mbao ipasuke. Skrubu humruhusu mwenye kisu kukifungua, akafuta chumvi ya upepo wa bahari, akakaza apendavyo. Nayo hulegea kwa matumizi, na visu vingi vya siku hizi vina skrubu za kichwa cha nyota, aina iliyobuniwa Marekani mwaka 1967 (sisi mwaka huo tulikuwa na Azimio la Arusha). Bisibisi yake si kila fundi anayo.

Kwa hiyo sikuuliza kipi ni imara zaidi. Niliuliza kifaa cha kukifungulia kitakuwa mikononi mwa nani. Nikamwambia agonge pini. Nyundo ipo kila upenu wa mji huu.

Wanafunzi wangu hupenda kusema kwamba Katiba ya mwaka 1977 ni ya pini: imegongwa, haifunguki. Siafiki. Hadi mwaka 2005 ilikuwa imefanyiwa mabadiliko 14, na yale ya 1992 yaliturudishia vyama vingi. Hiyo ni skrubu, tena imezungushwa sana. Ibara ya 98 inataka theluthi mbili ya wabunge wote, na kwa mambo kadhaa ya Muungano, theluthi mbili ya wabunge wa kila upande, Bara na Zanzibar. Raia wa kawaida hana nafasi katika hesabu hiyo. Bisibisi imo bungeni.

Mara moja tu tuliahidiwa kuishika wenyewe. Tume iliyoongozwa na Jaji Warioba ilikusanya maoni nchi nzima, Bunge Maalumu likapitisha Katiba Inayopendekezwa Oktoba 2014, na kura ya maoni ikapangwa tarehe 30 Aprili 2015. Ikaahirishwa. Wengi wanaoketi mbele yangu darasani leo walikuwa shule ya msingi wakati huo, na wanaponiuliza iliahirishwa hadi lini, sina tarehe ya kuwapa.