Hesabu ya Pumzi

Pumzi ni mali ambayo mtu huitumia mchana na usiku bila ya kuihesabu. Tajiri hawezi kuiwekea akiba, wala maskini hanyimwi fungu lake. Siku inapopungua ndipo mwenyewe anapotambua kuwa alikuwa na hazina.

Nilijifunza haya Songo Songo, kisiwa cha wavuvi katika wilaya ya Kilwa. Gesi asilia iligunduliwa huko mwaka 1974, na tangu 2004 hupita katika bomba hadi Dar es Salaam. Lakini jiko la shangazi yangu ni la mafiga matatu na kuni, na makuti ya paa lake yamekuwa meusi kwa moshi wa miaka mingi. Mwaka ule ule wa 1974, katika nchi ya Japani, mhandisi Takuo Aoyagi alieleza njia ya kupima oksijeni ya damu kwa mwanga. Katika wazo hilo kimezaliwa kipimo kidogo cha kubana kidoleni, ambacho siku hizi huuzwa kwa bei nafuu. Hupitisha mianga miwili, mmoja mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho. Damu yenye oksijeni na damu iliyopungukiwa haziizuii mianga hiyo kwa kiasi kimoja, na kwa tofauti hiyo chombo hupiga hesabu yake. Kwa mtu mwenye afya aghalabu huonyesha 95 hadi 100.

Nilimpelekea shangazi chombo hicho kwa sababu ya kikohozi chake. Kiliposoma 96 alicheka akasema, "Kumbe kifua changu kimefaulu mtihani, mwanangu!"

Usiku wa tatu mjukuu wake wa miezi 9 alishikwa na homa na kikohozi. Nilimbana kidole, chombo kikasoma 97. Nikasema, "Hana neno, shangazi. Tungoje kuche." Hakunijibu. Alisogeza taa, akamfunua mtoto nguo, akaniambia, "Tazama mbavu." Kila mtoto alipovuta pumzi, nyama iliyo chini ya mbavu ilibonyea ndani. Nilishika saa nikahesabu: pumzi 62 katika dakika moja. Kwa mtoto wa umri huo, 50 au zaidi ni dalili ya kuhofia nimonia. Hatukungoja kuche. Tulimpeleka zahanati usiku ule ule, akatibiwa, akapona.

Haya yangu ilikuwa kubwa, nayo ilinituma kutafuta sababu. Chombo kile kilitengenezwa kwa kidole cha mtu mzima, na mtoto alikuwa akirusha mikono. Tena huenda 97 ilikuwa kweli, maana nimonia yaweza kuingia kabla ya oksijeni kupungua. Yako na makubwa zaidi. Uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kuwa vipimo hivi viliukosa upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko kwa weupe. Wala vipimo hivi haviwezi kupambanua oksijeni na ile sumu ya moshi inayoshika damu badala yake. Basi kidole cheusi, kilichokaa jikoni penye moshi, ndicho ambacho chombo hiki chaweza kukisifu zaidi ya haki yake.

Sisemi kitupwe. Shahidi mwenye kasoro huulizwa pamoja na mashahidi wengine, hafukuzwi barazani. Namba ikishuka, ni onyo la kutiiwa bila ya ubishi. Namba ikiwa njema, si ruhusa ya kulala.

Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa kuwafikisha watu 80 katika kila 100 kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Dawa ya moshi ni hiyo, si kipimo. Lakini hadi siku hiyo ifike, shangazi amekitia chombo changu katika kopo moja na saa yenye mshale wa sekunde niliyomwachia. Nimeambiwa kuwa mtoto akikohoa, yeye huanza kwa kusogeza taa.