Tabia ya Karani na Uhai wa Kiwanda

Watu wengi hudhani kwamba biashara husimama kwa fedha na mitambo peke yake. Lakini mkulima wa chai ajua kwamba iko nguzo ya tatu, nayo ni tabia ya watu walioajiriwa.

Kiwanda cha kwanza cha chai ya wakulima wadogo nchini Kenya kilifunguliwa Ragati, katika Nyeri, mwaka 1957. Leo wakulima hao wapita 600,000. Majani yao, mawili na chipukizi, hayana budi kufika kiwandani siku ile ile yaliyochumwa, maana yakishindiliwa hupata joto na kuwa mekundu. Kati ya shamba na kiwanda husimama mtu mmoja: karani wa mizani.

Karani huyo akimpunguzia kila mkulima kilo moja tu, naye apima wakulima 50 kwa siku, kilo 50 zimekwisha potea. Haba na haba hujaza kibaba, hata kibaba cha wizi. Tena akipokea majani magumu ya rafiki yake, chai ya wote huharibika, na bei hushuka mnadani Mombasa. Mkulima aliyedhulumiwa mara nyingi hapigi kelele. Huuza majani yake kwingine, au huacha kupalilia. Kiwanda hupokea majani machache, na hali kuni na mishahara ni vile vile. Ndivyo biashara ifavyo.

Wako wasemao kwamba mizani za elektroniki zimelimaliza neno hili. Ni kweli zimesaidia. Lakini mizani haijui kukagua jani, wala haimwamkii mzee aliyengoja mvuani tangu saa nane.

Basi tabia njema hupatikanaje? Haiji kwa kufukuza watu tu, maana ajaye naye ni binadamu. Kijana na apewe kazi ndogo kwanza, afundishwe sababu ya kila sheria, akikosa aonywe faraghani, na akiaminika apandishwe cheo. Mshahara wake ulipwe kwa wakati, kwani mwenye njaa hujaribiwa upesi. Zaidi ya yote, meneja mwenyewe awe mfano. Akijichukulia chai ghalani bila kulipa, karani ataona kilo moja si kitu.

Wazee walisema, udongo uwahi ungali maji. Mtambo ukivunjika hununuliwa mwingine. Imani ya mkulima haiuzwi dukani.