Gunia la Babu

Je, umewahi kumnyang'anya mwanao manati ukaitupa motoni? Usione haya. Mimi mwenyewe nilikaribia kufanya hivyo majuzi hapa Nairobi, nilipomkuta mjukuu wangu wa miaka 10 akiwalenga njiwa waliotua juu ya tangi la maji la jirani. Mkono wa kumzaba kofi ulikuwa tayari hewani. Kisha nikalikumbuka gunia la babu, nikaushusha.

Nilizaliwa Gesima, upande wa Nyamira. Mgeni akifika huko atayaona majani chai na migomba, lakini nilipokuwa mtoto kila mji ulikuwa pia na shamba la wimbi. Wimbi ndilo ugali wa heshima, ndilo uji wa mzazi na wa mgonjwa. Likikaribia kukomaa, ndege hushuka kwa makundi, na asubuhi moja ya uzembe yatosha kuacha masuke matupu. Basi sisi watoto tulikuwa askari wa shamba.

Silaha yetu ilikuwa manati: panda ya mti wa mpera, vipande viwili vya mpira wa ndani wa baiskeli, na ulimi wa kiatu kikuukuu. Likizo ya Agosti mwaka 1979, nikiwa na miaka 11, nilijiona mjanja kuliko wenzangu. Kwa nini nirushe jiwe moja kwa ndege mmoja? Nikajaza kiganja cha kokoto, nikavuta, nikaliachilia kundi zima lipate haki yake.

Ndege waliruka wote. Kilichofuata ni kilio cha dada yangu mdogo, aliyekuwa akiniletea uji kwa kijia cha kando ya shamba. Kokoto moja ilimpasua juu ya nyusi. Ingaliteremka kidogo tu, upana wa kidole, leo angekuwa na jicho moja.

Nilingoja fimbo. Babu, ambaye sisi humwita Sokoro, hakuishika. Alilitundika gunia kuukuu kati ya migomba miwili, akachora kwa makaa duara la ukubwa wa ungo, akasema: "Haya, mjukuu wangu. Nionyeshe ulichofanya. Hesabu kokoto 10."

Kwa hatua 5, kokoto 7 ziligonga ndani ya duara. Nikatabasamu. Akanirudisha nyuma hadi hatua 15. Safari hii zilizoingia duarani zilikuwa 2, na 3 ziligonga pembeni mwa gunia. "Na zile 5 ziko wapi?" akauliza. Sikuwa na jibu. Akasema, "Moja ilikuwa usoni mwa dada yako."

Siku mbili zile tulijaribu kila kitu. Mawe yenye pembe yalipinda njia yakiwa hewani. Mawe ya mviringo ya mtoni yalikwenda sawa, ila yakigonga mwamba yaliruka upya. Mwisho tukafinyanga vidonge vya udongo vya ukubwa mmoja, tukavianika juani. Kimoja kimoja, kwa hatua 15, nilitia 6 kati ya 10 duarani. Na kikigonga mwamba, kilivunjika. Tangu hapo amri ikawa vidonge tu, usizidishe hatua 15, na mgongo wako uelekee njia ya watu.

Sokoro aliyatoa wapi maarifa hayo? Katika miaka ya 1950 alifanya kazi Naivasha kwa Mzungu mmoja mpenda kuwinda mabata ziwani. Bata bukini ni ndege mkubwa mwenye manyoya mazito, na bunduki yake ni ile ya marisau, yaani vipira vingi vidogo vinavyotoka pamoja na kutawanyika kadiri viendavyo. Kabla ya msimu, Mzungu yule alitundika karatasi pana kama shuka, akapiga kutoka yadi 40, akachora duara la inchi 30 palipogongwa zaidi, kisha akamwamuru babu ahesabu matundu.

Mdomo wa mtutu wa bunduki hiyo hubanwa kidogo, na mbano huo huitwa choki. Fikiria kichwa cha mpira wa kumwagilia bustani: ukikilegeza maji husambaa karibu, ukikikaza hukusanyika na kufika mbali. Kwa kipimo cha wawindaji, mtutu usiobanwa hutia takriban asilimia 40 ya marisau katika duara lile, na uliobanwa kikamilifu asilimia 70. Lakini kubana sana si dawa ya kila kitu. Kwa karibu, ama utamkosa ndege au utamsaga. Ukilegeza mno, kwa mbali huacha mianya, na bata huenda na marisau mawili mwilini akafie matetini. Hilo ndilo lililomkera Sokoro: ndege anayejeruhiwa haliwi wala haishi.

Tena, hata marisau yaliyokosa huua. Madini ya risasi yakizama kwenye matope, mabata huyameza wakidhani ni changarawe, na sumu huwamaliza polepole. Marekani iliyapiga marufuku nchini kote kwa uwindaji wa ndege wa majini mwaka 1991, na Umoja wa Ulaya ukayakataza katika ardhi oevu mwaka 2023. Wengi walihamia chuma, nacho ni chepesi na hupoteza kasi mapema. Ikabidi wachague marisau makubwa zaidi na kuanza upya kuhesabu matundu. Kwetu Kenya uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ikautaja uwindaji wa kujiburudisha kuwa kosa. Kwa hiyo sikuandikii ukanunue bunduki.

Nakuandikia kwa sababu ya swali la zile kokoto 5. Mjukuu wangu sikumpiga. Nilitundika gunia ukutani nyuma ya nyumba, nikachora duara, nikampa kokoto 10. Alipomaliza nilimwuliza zilizokosa ziko wapi. Alilitazama dirisha la jirani, kisha kamba ya nguo, kisha mtoto wa jirani aliyekuwa akicheza mchangani. Akanyamaza.

Manati bado anayo, lakini hulenga gunia tu, nami nikiwapo. Dada yangu alipotutembelea Jumapili iliyopita, kijana alimwomba aione kovu la juu ya nyusi. Aliligusa kwa kidole, kisha akaenda kuliteremsha gunia na kulitundika upande mwingine, mbali na lango.