Usukani unaoteleza

Haya jamani, leo tuache programu kidogo. Juzi nikitoka Mkomani kwenda Kongowea nilifunga breki nyuma ya matatu, usukani mpya wa pikipiki ukazunguka kwenye vibano vyake. Nusura niingie chini ya gari! Fundi alitaka kukaza bolti zaidi. Nikamzuia, maana vibano ni vya alumini, ukizidisha nguvu unaua nyuzi. Tukapima: milimita 22, sawa na ule wa zamani. Ila ule ulikuwa na vijimeno pale unapobanwa. Huu laini kama kioo, tena una grisi. Tukaifuta kwa petroli, tukasugua hapo kwa msasa, tukakaza bolti nne kwa zamu, kidogo kidogo. Nimeshapita matuta, haujasogea. Kipande cha kopo la soda alichokata fundi ili tukibane katikati ikishindikana, bado ninacho mfukoni.